Kuinua na Kugadimu

Ukipata bahati ya kufika Lamu, msomaji, teremka ufukoni wakati maji yamekupwa, ukatazame mahali vyombo vinapokalafatiwa. Utaona jahazi zima, lenye uzito wa tani nyingi, limesimama wima juu ya mchanga bila ya kulala upande. Mkuku wake ni mwembamba, nawe ungetarajia lianguke mara moja. Halianguki, kwa sababu maseremala wamelitegemeza kwa boriti ubavuni, kulia na kushoto. Boriti hizo huitwa magadi, na kazi yenyewe huitwa kugadimu. (Jina hili lisikuchanganye: magadi yatokayo katika ziwa lililo kusini ya Nairobi ni kitu kingine kabisa.) Seremala wa pwani aijuaye kazi yake hajiingizi chini ya chombo kisichogadimiwa, hata akiahidiwa ujira mara mbili.

Nimeanza na jahazi, lakini chombo ninachotaka kukusimulia habari zake ni pikipiki. Wala si pikipiki ya bodaboda unayoiona kila siku, bali zile kubwa zilizotengenezwa kwa safari ndefu za Amerika na Ulaya, zenye masanduku ya mizigo ubavuni, kioo kikubwa cha kuzuia upepo, na kiti kipana kama cha sebuleni. Pikipiki ya kwanza yenye injini ya petroli ilitengenezwa na Wajerumani wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, katika mji wa Cannstatt, mwaka wa 1885. Fremu yake ilikuwa ya mbao, na magurudumu yake pia. Injini yake ilikuwa na nusu tu ya nguvu ya farasi mmoja, na uzito wake wote ulikuwa kama kilo 90. Wanaume wawili wangeweza kuiinua kwa mikono na kuiweka juu ya meza ya fundi. Lakini mashine, kama watoto, hukua. Mwaka wa 1965 kampuni ya Harley-Davidson ya Marekani ilitoa Electra Glide, ambayo iliwashwa kwa umeme badala ya kupigwa teke. Mwaka wa 1974, katika maonyesho ya Cologne, kampuni ya Honda ya Japani ilionyesha Gold Wing, yenye silinda nne, na hata kabla ya kutiwa mafuta ilizidi kilo 260. Mwaka wa 1988 ikaja Gold Wing ya silinda sita, nzito hata ikabidi iwekewe mota ya kuirudisha nyuma, maana mwenyewe asingeweza kuisukuma kwa miguu mahali penye mwinuko. Pikipiki za namna hii, zikiwa na mafuta yake na masanduku yake, hufikia kilo 400 au karibu yake. Hayo ni zaidi ya magunia manne ya mahindi, yaliyosimama juu ya magurudumu mawili.

Sasa fikiri. Mwenye pikipiki hiyo anataka kubadili tairi la nyuma, nyumbani kwake, katika banda lake mwenyewe. Hana budi kuiinua kutoka sakafuni hata ifikie usawa wa kiuno chake, kisha ainame kando yake, aingize mikono chini yake, afanye kazi kwa saa nyingi. Anawezaje mtu mmoja kufanya hivyo na kuondoka na vidole vyake vyote? Jawabu lake limewachukua wanadamu zaidi ya miaka elfu mbili kulipata, na watu wengine wamelilipia kwa maisha yao.

Jambo la kuinua lilitangulia. Wenzo na kapi vilijulikana tangu zamani sana. Archimedes, mtaalamu wa Kiyunani aliyeishi Syracuse na kuuawa huko mwaka wa 212 kabla ya Kristo, aliandika kanuni ya wenzo kwa hesabu, na inasimuliwa kwamba aliwahi kuivuta merikebu iliyopakiwa mizigo kwa mkono wake mmoja, kwa kutumia kapi. Usisahau lakini kwamba wenzo na kapi havitoi kitu bure. Kila upatapo nguvu mara kumi, utatembea mwendo mara kumi. Kanuni hiyo haijavunjwa na mtu yeyote hata leo.

Hatua ya pili ilikuwa ya Mfaransa, Blaise Pascal, aliyezaliwa mwaka wa 1623 na kufa mwaka wa 1662, bado kijana. Katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka mmoja baada ya kifo chake, alieleza jambo ambalo kwa mara ya kwanza laonekana kama mazingaombwe. Chukua chombo kilichojaa maji, kilichofungwa pande zote, kisha ukitoboe matundu mawili, moja likiwa na upana mara mia kuliko la pili. Katika kila tundu tia kizibo kinachoenea sawasawa. Mtu mmoja akisukuma kizibo kidogo, ataweza kuzuia nguvu za watu mia wanaosukuma kile kikubwa. Maji yaliyobanwa husukuma kila mahali kwa kadiri moja. Basi penye eneo kubwa, nguvu nazo huwa kubwa. Pascal alifahamu vilevile kwamba malipo ni yale yale ya Archimedes: kizibo kidogo kikiingia inchi mia, kikubwa hupanda inchi moja.

Ilipita zaidi ya miaka 130 kabla ya mtu kuigeuza fikira hii kuwa mashine ya kufanyia kazi. Mtu huyo alikuwa Joseph Bramah, mtoto wa mkulima wa Yorkshire katika Uingereza. Aliumia mguu alipokuwa kijana, akawa hafai tena kwa kazi za shamba, akatiwa kujifunza useremala. Akahamia London, akawa fundi wa vyoo vya maji, kisha fundi wa makufuli. Mwaka wa 1790 aliweka kufuli lake katika dirisha la duka lake, pamoja na tangazo kwamba atakayelifungua bila ufunguo atapewa gini 200. Kufuli lile lilikaa dirishani hata mwenyewe akafa, wala halikufunguliwa mpaka mwaka wa 1851, ambapo Mwamerika mmoja mwenye subira alilishughulikia kwa muda wa saa zaidi ya 50 katika siku kumi na sita. Lakini hayo ni maneno ya njiani.

Mwaka wa 1795 Bramah alipewa hati ya uvumbuzi wa mashine ya kushindilia kwa maji. Ilikuwa fikira ya Pascal iliyovikwa chuma: bomba dogo la kusukumia maji, mrija, na silinda kubwa yenye pistoni nene. Taabu yake ilikuwa moja. Maji yalipobanwa sana yalipenya pembeni mwa pistoni na kuvuja. Ukiikaza pistoni ili isivuje, ilinasa, na baada ya kazi haikutaka kurudi. Wengi husema kwamba aliyeitatua taabu hii si Bramah mwenyewe bali msimamizi wake wa karakana, kijana aitwaye Henry Maudslay. Maudslay alitia ukosi wa ngozi uliokunjwa mfano wa bakuli, mdomo wake ukielekea kwenye maji. Maji yakibanwa, huingia ndani ya mkunjo huo na kuupanua, nao hubana pistoni. Maji yakilegezwa, ngozi nayo hulegea, na pistoni huteleza na kurudi. Yaani adui mwenyewe alipewa kazi ya kulinda mlango. Ukiifungua jeki ya mafuta leo, utakuta ndani yake kizuizi cha mpira kifanyacho kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Huenda ukataka kujua Maudslay alilipwa nini. Mshahara wake ulikuwa shilingi 30 kwa juma. Alipoomba aongezewe, alikataliwa. Basi mwaka wa 1797 akaondoka, akafungua karakana yake mwenyewe, akawa miongoni mwa mafundi wakubwa kabisa wa mashine waliopata kutokea Uingereza. Naona Bramah, aliyejua kuyalinda makufuli yake vizuri, hakujua kumlinda fundi wake. Bramah alikufa mwezi wa Desemba mwaka wa 1814. Alikuwa nje katika baridi, katika msitu mmoja wa Hampshire, akisimamia mashine yake ing'oe miti. Akapata mafua, nayo yakageuka kuwa ugonjwa wa mapafu.

Hapo ndipo kuinua kulipokuwa kumefikia. Kugadimu kulikuwa bado nyuma, na sasa nakuomba usome polepole, maana hapa ndipo penye kiini cha habari yangu.

Mhandisi Robert Stephenson, mwana wa George Stephenson aliyesifika kwa magari-moshi, alikuwa akijenga daraja la reli juu ya mlango wa bahari wa Menai, baina ya nchi ya Wales na kisiwa cha Anglesey. Wakuu wa jeshi la majini walitaka njia ya merikebu isizibwe. Kwa hiyo Stephenson aliamua kuunda mirija mikubwa minne ya chuma huko ufukoni, mipana kiasi cha gari-moshi kupita ndani yake. Kila mrija ulikuwa na urefu upitao futi 460, yaani mita 140, na uzito upitao tani 1,500. Uliwekwa juu ya matishari, ukaelea wakati wa maji kujaa, ukavutwa hata katikati ya minara miwili ya mawe. Kisha ikawa ni kazi ya mashine za Bramah, zilizofungwa juu ya minara, kuupandisha kwa minyororo mita 30 juu ya bahari. Kila pistoni ilipokwenda juu, mrija ulipanda futi 6. Halafu mnyororo ukashikwa upya, na kazi ikaanza tena.

Mashine zilikuwa imara, na mahesabu yake yalikuwa yamepimwa tena na tena. Mtu mwingine angalizitumainia. Stephenson hakuzitumainia. Alitoa amri kwamba kila mrija upandapo inchi moja, ubao wenye unene wa inchi moja utiwe chini ya ncha yake. Na mbao zikifika kiasi fulani, ziondolewe, mahali pake pajengwe kwa matofali na saruji. Mrija usiachwe ukining'inia hewani, hata kwa muda mfupi, mbali na kitu cha kuukalia. Ilikuwa kazi ya kuchosha, nayo ilichelewesha mambo. Jifikirie wewe mwenyewe u miongoni mwa vibarua wale, ukitia ubao baada ya ubao chini ya chuma ambacho hakijawahi kuteleza hata kidogo, na msimamizi yu juu ya kichwa chako.

Tarehe 17 Agosti, mwaka wa 1849, sehemu ya chini ya silinda moja ilipasuka ghafula. Pande zito la chuma likaanguka kutoka juu ya mnara. Mfanyakazi mmoja aliyekuwa akipanda ngazi ya kamba aliuawa. Ncha ya mrija, sasa bila ya kushikiliwa na kitu, ilianguka. Ilianguka inchi chache tu, ikakaa juu ya mbao.

Hata huko kuanguka kidogo kulivunja vitu vingi. Lau kama pangalikuwa na nafasi ya futi 6 chini yake, mrija wote ungalipotea baharini, na daraja pengine lisingalijengwa. Silinda mpya ililetwa, mirija ikapandishwa, na mwezi wa Machi mwaka wa 1850 magari-moshi yakaanza kupita. Mirija hiyo ilidumu miaka 120. Mwaka wa 1970 vijana walioingia ndani na moto waliichoma pasipo kukusudia, ikaharibika kiasi cha kuondolewa; lakini minara ya Stephenson ingali imesimama, na daraja jipya limejengwa juu yake.

Tazama jinsi mambo yalivyo. Bahari ya Menai iko mbali sana na Lamu, na sidhani kama Stephenson aliwahi kusikia neno la Kiswahili. Hata hivyo, alichokifanya chini ya mrija wake ndicho kile kile wanachokifanya maseremala wetu ubavuni mwa jahazi.

Miaka mitano baadaye Mwamerika mmoja, Elisha Otis, alifanya jambo hili lionekane na watu wote. Zamani hizo majukwaa ya kupandishia mizigo katika maghala yalining'inia kwa kamba peke yake. Kamba ikikatika, mzigo na watu walikwenda pamoja. Mwaka wa 1854, katika maonyesho ya New York, Otis alisimama juu ya jukwaa lililopandishwa juu ya vichwa vya watazamaji, akaamuru kamba ikatwe. Watu wakashtuka. Jukwaa likashuka kidogo, likasimama. Siri yake ilikuwa springi iliyoshikwa na ule uzito wenyewe: kamba ikiwa imekazika, springi imebanwa, kamba ikilegea, springi inafunguka na kusukuma ndimi za chuma ziingie katika meno yaliyochongwa kwenye nguzo za pembeni. Mwaka wa 1857 lifti yake ya kwanza ya kuchukua watu iliwekwa katika duka moja la ghorofa mjini New York. Tofauti na matofali ya Stephenson ni kwamba gadi la Otis lilijitia lenyewe, bila ya kungoja mtu.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Mwaka wa 1851 Richard Dudgeon wa New York alikuwa amekwisha pata hati ya jeki ndogo ya kubebeka, ambayo ni mashine ya Bramah iliyopunguzwa hata ikaweza kuchukuliwa kwa mkono. Mwaka wa 1925 Peter Lunati wa mji wa Memphis alitengeneza mtambo wa kwanza wa kuinulia motokaa kwa nguvu za mafuta yaliyobanwa. Inasimuliwa kwamba fikira hiyo aliipata kwenye kiti cha kinyozi. Baadaye yakaja majukwaa madogo ya pikipiki, yenye miguu iliyopishana mfano wa mkasi, ambayo mtu huweza kuyaweka bandani mwake.

Basi turudi kwa yule bwana na tairi lake. Sasa utaelewa kila alifanyalo, na sababu yake.

Kwanza husoma kibati kilichopigiliwa kwenye jukwaa, kionyeshacho uzito liwezao kuuchukua. Mengi huandikwa kiasi cha kilo 450. Pikipiki yake inakaribia 400. Kwa hiyo hutoa masanduku na mizigo yote, maana hataki kulala usingizi juu ya ukingo wa shimo. Sakafu iwe ya saruji, ngumu na sawasawa. Kisha humwita mwenziwe. Hapo naomba ukubaliane nami kwamba aibu ya kuomba msaada ni nyepesi kuliko kilo 400. Mmoja huongoza usukani na kushika breki, wa pili husukuma na kuizuia isiinamie upande. Gurudumu la mbele huingia katika koleo lililo mwisho wa jukwaa, nalo hukazwa. Halafu huja mikanda minne. Miwili ya mbele huvuta chini na mbele kidogo, hata springi za mbele zibonyee kiasi, ili pikipiki isipate nafasi ya kuruka ndani ya mikanda yake. Miwili ya nyuma huizuia isiyumbe. Yote hufungwa kwenye chuma imara cha fremu, si kwenye mapambo ya plastiki. Hayo ndiyo magadi ya ubavuni, kama ya jahazi.

Sasa hukanyaga pedali. Tuseme bomba lina eneo la sentimita moja ya mraba na silinda sentimita 20: atasukuma kwa uzito wa kilo 20 na kuinua 400. Lakini kanuni ya Archimedes yadai malipo yake. Kwa mtambo upandao wima, kuinua sentimita 60 humtaka asukume jumla ya mita 12, kidogo kidogo, hata mguu uchoke. Katika kila hatua husimama, huitikisa pikipiki kwa mkono, hukaza mkanda uliolegea.

Ikifika kimo akitakacho, kuna jambo ambalo wavivu huliacha. Mafuta ndiyo yanayoishikilia pikipiki wakati huo, na mafuta yamezuiwa na kipande cha mpira kisichozidi unene wa kidole. Kikichanika, kilo 400 zitashuka. Kwa hiyo huchukua ufito wa chuma uliotolewa pamoja na jukwaa, akaupitisha katika matundu yake, kisha hulegeza vali polepole hata jukwaa lishuke kidogo na kuukalia ufito. Tangu hapo mpira na upasuke ukipenda. Huenda umepata kuona lori kando ya barabara kuu ya Mombasa, limeinuliwa kwa jeki moja, na utingo amelala chini yake bila hata jiwe; basi kumbuka kwamba baina yake na tani zile hapana kitu ila ukosi wa Maudslay, na ukosi ule mara nyingi umezeeka.

Kabla ya kutoa gurudumu la nyuma hufikiri tena, kwa sababu uzito wa pikipiki utahamia mbele mara tu gurudumu lile litokapo. Basi huweka jeki ndogo na kipande cha ubao chini ya injini, akaikaza kiasi cha kugusa tu. Mwenziwe hushika upande wa pili. Nati hufunguka, gurudumu hutoka, tairi hubadilishwa, na jioni huingia.

Kushusha nako kuna utaratibu wake. Ufito hautoki maadamu umelaliwa na mzigo, nao wako wanaoupiga kwa nyundo kwa haraka ya kwenda kula. Yeye hukanyaga pedali mara mbili tatu, jukwaa likapanda kidogo, ufito ukalegea, akauchomoa kwa vidole viwili. Humwambia mwenziwe aondoe miguu yake kando ya mkasi wa jukwaa. Ndipo hufungua vali, robo mzunguko, na pikipiki ikaanza kushuka.